Nani Ayatoe Mawe?

Sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie, ila mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mjini Mafinga kulikuwa na watu watatu. Wa kwanza ni Sigrada, fundi cherehani. Akishika kitambaa hakiachi mpaka kiwe nguo, na akishika neno ni vivyo hivyo. Wa pili ni Mbano, Mngoni, utingo wa malori, mtu mzima mwenye wajukuu, awezaye kusimama kutwa bila kuchoka na kuchokoza watu bila kupigwa. Wa tatu ni Chengula, dereva wa pikapu ya maziwa. Huyu akisema jambo, hata hakimu haulizi shahidi. Na katikati yao yupo Lukelo, mume wa Sigrada, dereva wa lori la mbao kwa miaka ishirini na miwili. Kipawa chake yeye kilikuwa haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Siku moja, yeye na Mbano wakiwa safarini, lori liliharibika mlimani. Wakafanya kama madereva wote: mawe nyuma ya matairi, matawi mabichi barabarani, ili anayekuja ajue mbele kuna gari bovu. Lilipopona, Mbano akauliza, "Mkubwa, nitoe mawe kwanza?"

"Panda, bwana! Tumechelewa!"

Wakaondoka. Hazikupita dakika kumi, upepo umekwisha kuyasukuma matawi mtaroni, Chengula akatokea na maziwa yake. Akapanda juu ya jiwe, pikapu ikapinduka. Roho ilipona, lakini mkono wa kushoto, mkono wa gia, ulivunjika vibaya.

Mahakama ikamfungia Lukelo leseni miezi sita. Hakubisha. Kosa alilijua ni lake, na usiku wa kwanza alilia kama mtoto. Kilichomchoma ni yale yaliyofuata. Alidhani miezi ikiisha ataichukua leseni kama mtu anavyochukua viatu kwa fundi. Kumbe!

"Bado faini," akaambiwa dirishani. Na ukilipa faini, bado cheti cha macho. Ukipata cheti, bado chuo cha udereva. Ukimaliza chuo, bado barua. Na tajiri, yule mama mwenye lori, alikuwa ameshasema: "Jumatatu mbao zinatoka. Ukiwa na leseni, usukani ni wako. Usipokuwa nayo, nina mtu mwingine." Mpaka Jumatatu hiyo zilibaki wiki mbili.

Sigrada alimkuta mumewe amekaa kitandani na viatu, anautazama ukuta.

"Baba Neema, unataka nini hasa?"

"Pesa ya faini. Na ya macho. Na ya chuo. Na ya kadi mpya. Mke wangu, hawa wananiuzia leseni yangu mwenyewe!"

 Kesho yake Sigrada alibeba cherehani kichwani, akaipeleka sokoni, akaiuza, akarudi na pesa. Ilikuwa Desemba, wazazi wanaanza kuleta vitambaa vya sare. Wote wakahamia kwa fundi wa jirani. Lukelo akalipa kila kitu. Chuoni kijana anayelingana na binti yake akamwonyesha kwa kidole, "Hii ndiyo breki, mzee." Lukelo akaitikia, "Asante, mwalimu."

Basi ikaja foleni. Mtandao haupo. Mtandao upo, karani hayupo. Karani yupo, picha siyo ya rangi inayotakiwa. Na Lukelo bado yuko chuoni, hawezi kuwa sehemu mbili. Mbano akaomba ruhusa ya siku moja kwenye kiwanda cha mbao, alikokuwa akibeba magogo tangu lori liachane nao.

"Nyie Wahehe hasira mbele, akili nyuma," akamtania Lukelo, maana Mngoni na Mhehe ni watani. "Ukisimama wewe pale utampiga mtu, wakufungie na miguu. Acha nisimame mimi."

Akasimama siku nne, toka saa kumi na mbili asubuhi, akawachekesha makarani mpaka faili lililokuwa limepotea likaonekana chini ya birika la chai. Siku ya tano kiwandani walimwambia asirudi, nafasi yake ina mtu.

Ikabaki barua. Ilitakiwa barua ya aliyeumia, aseme kwamba hana madai. Lakini Chengula madai alikuwa nayo, na ya haki: gharama za mkono ambao haukukunjika tena. Fidia ile alitaka kununulia ng'ombe wawili, maana pikapu hakuiweza tena. Lukelo alikwenda kwake Ijumaa, akasimama mlangoni. Chengula ndiye aliyeanza.

"Nimesikia. Lete kalamu."

"Mzee, lakini mimi sijakulipa. Utaandikaje uongo?"

"Mimi siandiki uongo. Ninakusamehe sasa hivi, ukiwa umesimama hapo. Nikishakusamehe, sina madai. Lete kalamu, nisije nikabadilisha mawazo."

Akaandika kwa mkono wa kulia, taratibu. Jioni ile Lukelo akaipata leseni yake.

Jumatatu saa moja asubuhi lori lilikuwa limesimama kwenye mteremko wa kiwanda, pua ikitazama chini, mbao zimefungwa, mawe mbele ya matairi. Lukelo alipanda, leseni mfukoni mwa shati, akaushika usukani, macho yakamlowa. Tajiri akaja na karatasi ya safari.

"Nafasi ya utingo ni moja. Chagua mwenyewe, niandike jina. Sitaki zamu, sitaki kubadilisha-badilisha."

Mbano alishafika. "Kiti hiki ni changu toka zamani. Babu zako hawakututoa kwa mikuki, utanitoa wewe? Na mawe yale, nilikuuliza. Wewe ndiye uliyekataa."

Mara Chengula akatokea. "Mkono mmoja unatosha kutandika matawi. Sikuwahi kukuomba kitu, Lukelo. Leo naomba."

Na nyuma yake Sigrada, suruali ya mumewe kiunoni na kitenge juu. "Baba Neema, sokoni nimeacha cherehani, nyumbani nimebaki na mikono mitupu. Mimi sina haja ya asante, nina haja ya kazi."

Lukelo akapiga usukani kwa ngumi. "Miezi sita nimefungwa! Leo nimefunguliwa, na bado siondoki!" Alitaka kuwapa wote, na kiti ni kimoja. Alitaka kukimbia, kama alivyozoea.

Akawasha gari. Halikwenda, maana mawe yapo, na kutoa mawe ni kazi ya utingo, na utingo hajulikani. Watatu wakasimama kando ya matairi, wakimtazama. Tajiri ameshika kalamu. Safari hii Lukelo hakuthubutu kusema tumechelewa.

Haya, mliosinzia amkeni. Bila cherehani ya Sigrada hakuna leseni, bila miguu ya Mbano hakuna leseni, bila msamaha wa Chengula hakuna leseni. Je, wewe ungemwambia nani ayatoe mawe, apande?