Fundi Aliyeogopa Kutaja Bei

Imepokewa kwa wazee wetu wa Kondoa, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba zama zile baiskeli ilipokuwa heshima ya mtu, alikuwako katika mji ule fundi mmoja mcha Mungu aitwaye Mohsini. Kazi yake ilikuwa kununua baiskeli zilizochakaa, kuzifungua, na kuuza kimoja kimoja: rimu, pedeli, mnyororo, uma wa mbele unaoshika gurudumu. Na alikuwa na desturi ambayo hakuiacha mpaka alipofishwa. Hataji bei ya kifaa kikuukuu kabla hajataja aibu yake. Humwekea mnunuzi kidole palepale penye aibu, akasema, "Hapa pameliwa," ndipo bei ikafuata.

Nawasikia mnaguna. Nyinyi mnaotazama viatu vya mtu kabla ya kumtajia bei, mnaopaka kutu rangi asubuhi, kisha adhuhuri mko safu ya mbele mnasukumana na maimamu, kaeni vizuri. Kisa hiki ni chenu.

Mohsini alikuwa na mdogo wake, Yakuti, mkulima mwenye nguvu zake. Yakuti alikwenda mnadani akanunua uma uliotumika kwa mchuuzi mmoja jina lake Hilali. Uma ule ulikuwa na ufa chini ya shingo, na Hilali aliujua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeuziba kwa nta na kuupaka rangi nyeusi. Yakuti akiteremka mlimani, uma ukakatika. Mguu wake haukuunga tena, na mtu aliyekuwa akilima shamba peke yake akawa wa kuhamishwa kivulini na kurudishwa ndani. Mohsini alimwendea Hilali kudai haki. Hilali akamcheka mbele za watu, akamwambia, "Kwani mimi nilimfunga kitambaa machoni?"

Neno hilo lilimkaa Mohsini kooni miaka na miaka. Alisali nalo, akafunga nalo, akalala nalo.

Basi siku moja baada ya adhuhuri, Hilali huyohuyo akaja kwenye banda la Mohsini akiikokota baiskeli, uma umepinda haufai. Kanzu imepigwa pasi, kilemba kipya. Hakumtambua fundi hata kidogo. Mtu uliyemdhulumu humsahau upesi, na hilo peke yake lilimchemsha Mohsini damu.

"Fundi, niokoe," akasema Hilali. "Leo baada ya magharibi namwozesha binti yangu kule Haubi, na walii ni mimi. Nipe uma wowote, taja bei yoyote."

Ukutani zilining'inia uma mbili. Mmoja ulikuwa mzima, una kutu ya juujuu tu. Asubuhi ileile muuza maziwa wa Kolo alikuwa ameuulizia, Mohsini akamwambia shilingi sita, naye akaona hana uwezo nao, akaenda zake. Wa pili ulikuwa na ufa chini ya shingo, mahali palepale pa ule wa Yakuti. Huo ulikuwa unangoja kupelekwa kwa mhunzi ukayeyushwe.

Mkono wa Mohsini ukaenda kwenye ule wenye ufa.

Nafsi yake ikamwambia: mpe huu. Mtoze mara tatu. Ana macho, na wewe hukumfunga kitambaa. Akaushika shingoni, akamwelekezea Hilali, na hapo akatazama mkono wake mwenyewe. Kidole chake kilikuwa juu ya ufa. Kidole kilichozoea kuonyesha aibu sasa kilikuwa kimeifunika, na Hilali alikwisha nyoosha mkono kupokea.

Mohsini akaingiwa na hofu ya Mola wake. Akautupa uma ule pembeni, akaketi chini. Hasira haikutoka. Akainuka, akatawadha kwa maji ya mtungi. Haikutoka. Akajilaza ubavu mavumbini, kama alivyotufunza Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye hasira akiwa amesimama aketi, na ikimzidi ajilaze.

"Fundi, unaumwa?" akauliza Hilali.

"Nina hasira."

"Na nani?"

"Na wewe. Subiri."

Hilali akashangaa. "Nimekukosea nini, bwana? Mimi sikujui."

"Mimi ni kaka yake Yakuti," akasema Mohsini palepale alipolala. "Yakuti wa mguu."

Uso wa Hilali ukamshuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi nimepatikana. Taja bei, hata iwe mara tatu, nami nitalipa."

"Sitaji," akasema Mohsini. "Kadhi hahukumu akiwa na hasira, na bei ni hukumu. Nikifungua kinywa sasa nitakudhulumu, na wallahi natamani kukudhulumu."

Wakakaa hivyo, mmoja amelala, mmoja amesimama, mpaka alasiri ikaadhiniwa. Wakasali. Mohsini akatoa salamu, akajisikiliza, na hasira ilikuwa ipo vilevile. Ndipo akamkumbuka muuza maziwa.

Akainuka, akachukua uma mzima. "Huu una kutu hapa na hapa, lakini ni mzima," akasema, kidole kikipita penye kutu. "Bei yake niliitaja asubuhi kabla sijakuona, nayo haina hasira ndani yake. Shilingi sita. Ule mwingine una ufa, wala siuuzi."

Akaufunga mwenyewe, na kila nati akairudia kuikaza. Hilali akalipa, kisha akatoa na pesa nyingine. "Pokea na hizi, ndugu yangu."

"Mguu si wangu," akasema Mohsini kwa ukali. "Mwenye mguu yuko kwake, nyumba ya pili ukipita msikiti. Mpelekee mwenyewe."

"Nitachelewa harusini."

"Yakuti amechelewa harusi zote tangu siku ile."

Hilali hakupanda baiskeli. Aliikokota hadi nyumba ya pili baada ya msikiti, akabisha hodi. Waliyozungumza humo anayajua Mwenyezi Mungu. Watu wa Haubi walingoja, bibi harusi akangoja, na ndoa haikufungwa mpaka isha ilipokwisha kusaliwa.

Baadaye watu wakamwuliza Mohsini, "Umekwisha msamehe Hilali?"

Akajibu, "Bado. Lakini kesho mbele ya Mola hanidai kitu."

Sikilizeni basi. Mohsini hakuamrishwa ampende aliyemvunja ndugu yake. Aliamrishwa asipunje, akaitii amri hiyo huku meno yameumana. Nanyi hamna hata ndugu aliyevunjwa, mnampunja mtu aliyewasalimu vizuri. Ewe Mola, viepushe vidole vyetu na kufunika aibu za tunavyoviuza, kabla hujavipa ndimi vikasema mbele yako.