Siri ya Choo cha Fisi

Hadithi!
— Na ije!
Ikija?
— Ikae!
Ikikaa?
— Itwambie!

Basi sogeeni. Na wewe unayeziba pua, hatujafika huko bado.

Paliondokea Fisi. Alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na uroho wake ulizidi vyote hivyo. Mwaka wa ukame mito ilikauka yote, kikabaki kisima kimoja tu chini ya mlima wa mawe. Fisi akaenda akakaa kwenye jiwe la mdomoni mwa kisima. Akakaa asubuhi, akakaa mchana, akakaa jioni. Anayetaka maji alete mfupa.

Swala akaleta mfupa, akapewa funda. Nyati akaleta mfupa, akapewa funda. Fisi akawa anatafuna mifupa tu, kacha! kacha! kacha! Maji mwenyewe hanywi, anaogopa yatapungua. Majani hali, ati ni chakula cha wanyonge. Jamani, kuna uchoyo wa watu, halafu kuna uchoyo wa Fisi.

Juu ya mlima, kwenye nyufa za mawe, aliishi Bi Pimbi, mdogo wa kuingia kapuni. Bi Pimbi ni mla majani, mfupa atautoa wapi? Na mwanawe ulimi ulikuwa umemkauka, hata kulia halii tena. Mama roho ilimuuma sana.

Sasa, pimbi wana desturi moja. Ukoo mzima hujisaidia mahali pamoja, kwenye jiwe moja, na kila asubuhi mama hupita kutazama. Kinyesi kikavu, anajua huyu hajanywa maji. Kinyesi cha majimaji, anajua huyu kala uchafu. Mnacheka? Haya, chekeni.

Asubuhi moja Bi Pimbi akashuka kutafuta umande wa kumlambisha mwanawe. Akasikia kichakani: Nnnng! Nnnng! Halafu: Yalaa! Halafu kimya. Fisi akatoka, anatembea miguu imeachana, anaangalia huku na huku. Alipopotea, Bi Pimbi akaenda akafunua majani aliyofunikia. Kinyesi cheupe, kigumu kama chokaa, na juu yake damu, nyekundu mbichi.

"Aa," akasema Bi Pimbi. "Kumbe!"

Akamfuata kisimani.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Mfupa uko wapi?"

"Sina mfupa. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kule kichakani."

Masikio ya Fisi yakalala. "Ile ni damu ya mbuzi niliyemla!"

"Damu ya mbuzi uliyemla haiwezi kutoka nyekundu hivyo, bwana. Ile ni yako."

Fisi akainama, sauti ikawa ndogo. "Dada yangu, nakufa? Nimerogwa?"

"Hujarogwa. Nijibu tu. Inauma?"

"Kama napitisha miiba."

"Umeona choo cheusi kama lami? Umekonda? Unapata kizunguzungu? Tumbo linakukata?"

"Hapana, hapana, hapana, hapana! Usimwambie mtu!"

"Simwambii. Ungesema ndiyo hata moja, ningekuburuta kwa Daktari Korongo sasa hivi. Na kwake utakwenda tu, maana mimi nimeona kinyesi, sijaona ndani."

"Na ule mdomo wake mrefu?"

"Na ule mdomo wake mrefu."

Fisi akalia kidogo. "Na dawa je?"

"Dawa ni maji, tena mengi. Ule na majani, mlenda hasa, na matunda. Haja ikikuita, itika, usiibane. Ukifika huko usikamue. Na usikae kwenye hilo jiwe kutwa nzima."

Mpaka hapo Bi Pimbi alisema kweli tupu. Sasa akaongeza la kwake.

"Lakini dawa hii ina mwiko. Mgonjwa hajichotei. Achotewe na wanyama wote, na kila mchotaji anywe kwanza mpaka ashibe. Mmoja akibaki na kiu, tumbo lako linafunga upya."

"Linafunga?"

"Kuliko jana."

Fisi aliruka kutoka kwenye jiwe kama limewaka moto.

Wanyama wakaambiwa tu kwamba Bwana anataka kuchotewa. Swala akanywa, akamchotea. Nyati akanywa, akamchotea. Mtoto wa Bi Pimbi akanywa, gubu! gubu! gubu! Tumbo likajaa, sauti ikarudi, akalia kwa nguvu, na mama yake akafurahi mpaka akalia naye.

Fisi akanywa. Akala mlenda, uso ameukunja. Mchana akakalia maji ya vuguvugu yaliyopashwa na jua kwenye shimo la mwamba. Akaenda kwa Daktari Korongo. Yaliyotokea huko tusiulizane. Korongo akasema ni bawasiri, aendelee hivyo hivyo, na damu ikirudi naye arudi.

Choo kikalainika. Damu ikakoma. Na Fisi akawa Fisi tena.

Akaja kisimani kifua mbele. "Tokeni! Kisima changu!"

Wanyama wote wakageuka, wakamtazama. Fisi akamwinamia Bi Pimbi.

"Umewaambia?"

"Sijasema neno."

"Mbona wananitazama hivi?"

"Wanajiuliza kwa nini Bwana Mkubwa alikiacha kiti chake. Ukikaa tena, watauliza kwa sauti. Nami, bwana, uongo sijui kusema."

Fisi akapanda juu ya jiwe, lakini hakukaa.

"Ndugu zangu!" akapaza sauti. "Nilikiacha kisima kwa huruma yangu! Tangu leo ni cha wote. Kunyweni!"

Wakapiga makofi, pa! pa! pa! Wakamwita Mkarimu. Bi Pimbi alipiga makofi kuliko wote.

Walipotawanyika, Nyati akabaki nyuma. Akakohoa, akatazama chini.

"Bi Pimbi, nina jamaa yangu mmoja. Akienda haja, anaona damu."

"Huyo jamaa yako anatembea kama unavyotembea wewe?"

"Kabisa."

"Mwambie asiogope. Na kesho aende kwa Korongo."

Basi funzo ni hili: ukiona damu chooni, nyamaza. Usimwambie mkeo, usimwambie daktari, kamua zaidi. Maji ni ya kulinda, si ya kunywa, na heshima ya mtu ni kufa na siri yake.

Hadithi imefika?
— Imefika!
Funzo mmelishika?
— Tumelitupa!
Mwenye haja?
— Aende!