Mpira Uliokuwa Amana

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, maana hata mdogo wenu humu alikuwa ameshaota meno, palikuwa na mshambuliaji wa Kifaransa aliyeitwa Shamsidini. Mfaransa, ndiyo. Msinitazame hivyo. Wazazi wake walitoka Ngazija, yeye akazaliwa Marseille, akakulia kwenye maghorofa ya kaskazini mwa mji ule, na mpira akaujulia uani, katikati ya kamba za nguo.

Klabu kubwa zilimkataa. Moja ilisema ni mfupi, nyingine ikasema ni mwembamba, ya tatu haikusema kitu, hata simu haikupiga. Klabu ndogo ya mji wa Saint-Amable ndiyo iliyomchukua. Wakamlisha, wakamfundisha, wakampa mkataba wake wa kwanza. Akafunga, wakamshangilia, wakamuuza. Akaenda kaskazini kwenye mvua. Akafunga, wakamshangilia, wakamuuza. Akaenda klabu ya jiji, akafunga, wakamshangilia, hata timu ya taifa ikamwita. Akakaa benchi mechi nzima na jezi yake ya buluu, akarudi nayo nyumbani, mama yake akaikunja akaiweka kabatini pamoja na nguo za Idi. Kisha goti likamsaliti. Akafunga kidogo, wakamzomea, wakamuuza.

Mwishoni akaangukia Valdorne, klabu ya daraja la pili, mvi zikiwa zimeanza kumchungulia kwenye ndevu. Wakampa unahodha. Akasema, msimu huu ukiisha natundika daluga. Alitaka kitu kimoja tu, aondoke kwenye mpira na jina safi. Vikombe hakuwa navyo vya kujivunia, lakini hakuna aliyewahi kumwita mlaghai. Hakuwahi kujirusha ndani ya boksi ili apewe penalti. Mama yake, Bi Zaliha, alikuwa akiwaambia majirani, mwanangu hana goli la wizi hata moja.

Sasa angalieni mambo yalivyo. Mechi ya mwisho ya maisha yake ikaangukia wapi? Saint-Amable, uwanja uleule uliomlea. Valdorne wakishinda, wanabaki daraja la pili na Saint-Amable wanashuka. Wakitoka sare, Saint-Amable wanabaki na Valdorne wanashuka. Bi Zaliha, ambaye hakupenda viwanja kwa sababu ya matusi ya mashabiki, siku hiyo alipanda treni akaja kumuaga mwanawe akicheza.

Wakacheza. Huku wakapiga, kule wakaokoa. Kule wakapiga, huku wakaokoa. Dakika zikayoyoma, bado bila kwa bila. Ndipo Ludovic, kipa wa Saint-Amable, akaanguka chini peke yake, kashika goti, anagaagaa.

Nanyi mnaojua mpira mnajua kinachofuata. Kwenye sheria hakimo, lakini kila mchezaji anakijua. Mtu akiumia, mwenye mpira anautoa nje kwa hiari yake ili mwenzake atibiwe. Mchezo ukianza tena, wale wanaourusha wanawarudishia wenyewe. Refa hamlazimishi mtu, ni uungwana tu. Beki wa Saint-Amable akaupiga mpira nje. Daktari akaingia, akampulizia Ludovic dawa ya baridi gotini. Ludovic akanyanyuka, akachechemea hadi kando ya mlingoti, akachukua chupa ya maji.

Corentin, beki wa kushoto wa Valdorne, akaushika mpira autupe. Angeweza kumrushia Ludovic. Akamrushia Shamsidini, nahodha, mtu anayeaminika, ili yeye aurudishe kwa heshima. Shamsidini akautuliza, akainua kichwa aone aupeleke wapi. Akaona goli tupu. Kutoka benchi la Valdorne, Kocha Marchand akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikasimama.

"Funga! Shamsi, funga!"

Na ule mguu, wenzangu, mguu uliofanya kazi moja tu tangu utotoni, ukapiga. Mpira ukaenda taratibu, wala haukuwa na haraka. Ludovic akageuka chupa ikiwa mdomoni, akautazama ukiingia wavuni.

Refa akakubali goli. Angefanyaje? Sheria haikukataza popote. Uwanja mzima ukapiga mayowe. Nahodha wa Saint-Amable akamjia Shamsidini mbio, wala hakumtukana.

"Shamsi, wewe ni wa hapa. Tuachieni tusawazishe. Simameni tu, tupite tufunge, twende sawa."

Shamsidini akatazama benchi. Kocha Marchand akatikisa kichwa. Shamsidini alikuwa nahodha, angeweza kuwaambia wenzake wasimame, na wangesimama. Hakusema kitu. Aliinama akajifanya anafunga kamba za daluga, na kamba zenyewe zilikuwa zimefungwa.

Filimbi ya mwisho ikalia. Saint-Amable wakashuka daraja. Wenzake wakambeba Shamsidini mabegani, akawaomba wamteremshe, wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumrusha juu. Alipofika chini alikwenda kwenye uzio, kwa mama yake. Wote waliomzunguka Bi Zaliha walikuwa wamesimama. Yeye alikuwa amekaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ule mpira ulikuwa wa nani?"

"Wa Saint-Amable, mama."

"Wamekupa ushike kidogo mpaka mgonjwa wao ainuke. Hiyo si amana? Sasa mbona umeila?"

Bi Zaliha akajifuta macho kwa ncha ya leso yake. "Na mimi niliomba dua leo ufunge," akasema. "Niliomba sana. Sikujua kuwa ni hivi."

Basi aibu ikamwingia Shamsidini, aibu yenyewe hasa. Aibu ya kukosa penalti alikuwa anaijua, hiyo unaoga unalala inapungua. Hii haikuwa ya kuoga ikaisha. Akaingia kwenye korido, na badala ya kwenda chumba cha Valdorne kulikokuwa na nyimbo, akajikuta anaelekea upande wa pili.

Maana Saint-Amable wana desturi yao, hata wapinzani wao wanaijua, na yeye alifundishwa akiwa kijana wao. Mchezaji aliyewakosea wenzake uwanjani haendi kuoga. Haketi. Anakwenda na daluga zake mguuni, anabisha mlango wa chumba cha aliowakosea, akiulizwa ni nani, anataja jina lake na kosa lake kabla mlango haujafunguliwa. Akiwahi kuvua viatu, basi, hata akija kesho na maua hawampokei. Shamsidini alikuwa bado na daluga zake. Kila hatua zilikuwa zinagonga sakafu ya saruji, naye akatamani zisisikike.

Corentin akamfuata mbio, naye hajavua.

"Kaka, rudi. Hili ni langu. Kipa wao nilimwona, ningemrushia yeye. Nikakurushia wewe."

"Uliniamini, Corentin. Kumwamini mtu si kosa."

"Nilikuamini, ndiyo. Lakini nilipoona uko karibu na goli, moyo ukaniambia, huenda. Ukweli ndio huo. Mimi ndiye niliyekuwekea kishawishi miguuni. Niache nibishe mimi."

Kocha Marchand akawakuta hapo, koti begani, uso umemwiva.

"Nyie mna wazimu? Nilipiga kelele, sawa, makocha wote tunapiga kelele. Lakini tungeshuka, nani angefukuzwa? Si mimi tu. Mama anayetufulia jezi, mkata majani, vijana wa akademi. Nimewaokoa watu wangu. Mimi nimevaa viatu vya ngozi, sina cha kubishia mlango."

Akasema hivyo, lakini hakuondoka. Aliegemea ukuta, macho chini, akawa anakifungua na kukifunga kifungo cha koti.

"Wewe ulitoa sauti," Shamsidini akamwambia, "lakini mguu ni wangu. Na yule nahodha wao aliponiomba, mdomo ulionyamaza ni wangu pia. Goli ningeweza kusema limenitoka. Kule kunyamaza hakukunitoka, nilichagua mwenyewe."

Wakati huo mtu akatokea mwisho wa korido, kutoka chumba cha matibabu. Alikuwa Ludovic, kipa. Anatembea vizuri kabisa, hatua ndefu. Alipowaona, akaanza kuchechemea. Kisha akaacha.

Wakatazamana. Jamani, kuna kutazamana kunakochosha kuliko dakika tisini.

"Goti vipi?" Shamsidini akauliza.

"Zima," Ludovic akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Halikuumia. Sare ilikuwa inatutosha, nikataka tu dakika zipite. Hakuna aliyenituma. Nisingeanguka, beki wangu asingetoa mpira, nawe usingeupata."

Nitawaambia kitu kuhusu Shamsidini, ingawa yeye mwenyewe hakupenda kukisema. Aliposikia maneno yale alifurahi. Alihisi mzigo umepungua, akasema moyoni, kumbe mwizi wa kwanza ni huyu. Halafu akajisikia akifurahi, na aibu ikamrudia mara mbili.

"Basi tuingie wote," akasema.

Ludovic akamshika mkono. "Usinifanyie hivyo. Ukibisha ukakiri peke yako, nitakuwa nimekutwika dhambi yangu, na nitakaa humo ndani nakutazama. Nikikiri mimi, nitaishi wapi? Nyumba ya wazazi wangu iko mtaa wa pili kutoka hapa. Wenzangu wamelia kwa ajili ya goti langu. Wameshuka daraja wakiamini wameonewa. Niwanyang'anye na hilo?"

Corentin akasema, "Nitabisha mimi, mimi ndiye mdogo."

Kocha akasema, "Asibishe mtu, twendeni zetu."

Ludovic akamwachia Shamsidini mkono. Ndani ya chumba mtu alikuwa analia, kilio cha mwanamume asiyekizoea, kinakatikakatika. Shamsidini aliijua ile sauti. Ilikuwa ya nahodha wao, yule aliyemwomba kwa upole.

Mkono wa Shamsidini ukainuka. Akabisha. Kilio kikakatika.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Mlangoni pale walisimama wanne. Mmoja alilala chini bila kuumwa, na uungwana wa wenzake akaufanya mchezo. Mmoja alirusha mpira huku moyo unanong'ona. Mmoja alitoa amri, akasema aliitoa kwa ajili ya wanyonge wake. Na mmoja alipiga, akaombwa arekebishe, akanyamaza. Kila mmoja alimtazama mwenziwe, na ndani wakawa wanasubiri kusikia jina na kosa.

Wewe uliyekaa pale unanong'ona ni kipa, na wewe unayesema ni kocha, msininong'onee mimi. Mnaulizwa kutoka ndani. Je, kati ya wale wanne, nani alistahili kuitikia?