Mla Kiporo na Mpishi wa Leo

"Mla kiporo hamtukani mpishi wa leo." Mmeisikia kwa shangazi yenu mkadhani ni mambo ya jikoni. Wapi! Methali hii ilianza hivi, tena kwenye kompyuta, na mimi nilikuwapo.

Binamu yangu Sefu alipofariki, tuliipa ofisi moja ya mafundi wa tovuti, pale Tanga, kazi ya kuweka tangazo la msiba mtandaoni. Wakakosea picha. Badala ya marehemu wakamweka mdogo wake, Hemedi, mzima wa afya. Basi simu zikamiminika kwa mke wa Hemedi, watu wanalia, na mumewe yuko pembeni anakunywa chai.

Kesho yake tukaenda ofisini, mimi na Hemedi. Mkuu wa mafundi aliitwa Chande, hodari wa kazi lakini mdomo hauna breki. Akamwita binti aliyepewa kazi ya kurekebisha, Mwajabu.

"Nimeshaibadilisha, kaka," Mwajabu akasema.

Chande akafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, ile ile aliyoutazamia jana. Hemedi huyo, anatutazama, na chini yake dua ya Mungu amrehemu. Akamtuma binti akarudie. Akarudia. Chande akafungua tena, Hemedi yule yule.

"Umebadilisha nini? Unanidanganya mbele ya wafiwa? Huna hata haya!"

"Kaka, kwangu inaonekana sawa. Labda..."

"Kwani mimi kipofu? Chukua mkoba wako uende. Sifanyi kazi na mwongo."

Mwajabu akachukua mkoba akatoka, machozi yanamtiririka.

Tangu jana Hemedi alikuwa hajaufungua ukurasa ule. Nani anataka kuutazama msiba wake mwenyewe? Sasa hasira zikamzidi, akatoa simu aione aibu yake kwa macho. Akafungua. Kisha akamgeuzia Chande ile simu. Alikuwa Sefu, na kofia yake ya viua iliyodariziwa kwa mkono, anatabasamu.

Chande akaelewa papo hapo. Kompyuta huweka nakala ya ukurasa ulioufungua, na ukiutaka tena hukupa nakala hiyo, isijisumbue kuleta mpya. Dawa yake ni kuifuta ile nakala, na hakuna fundi asiyejua. Akaifuta, akafungua tena, akatokea Sefu. Jamani, uso ulimshuka! Alishindwa hata kutuaga, akatoka mbio kumfuata binti.

Alimkuta barabarani, akamwomba radhi. Mwajabu akakataa.

"Umenivua nguo mbele za watu, kaka, halafu unataka kunivika huku pembeni? Nistiri mbele ya wale wale."

"Lakini wale wanarudi matangani."

"Basi ni huko huko."

Jioni wakaja wote wawili. Chande akasimama katikati ya mikeka, watu wamejaa, hajui mikono aiweke wapi.

"Huyu dada yangu nilimwita mwongo," akasema. "Alikuwa ameifanya kazi yake. Mwenye kosa ni mimi." Hakuna aliyecheka, na nadhani tungecheka angepata nafuu.

Mama yake Sefu, Bi Kizenga, akauliza kutoka mlangoni, "Mwanangu, hiyo kompyuta ilikufanyaje?"

Chande akamweleza yote, habari ya nakala ya jana na picha ya leo. Bi Kizenga akamjibu palepale mlangoni.

"Kumbe ulipakuliwa kiporo, baba, ukamtukana aliyepika leo. Na chungu chake hukukifunua."

Chande akainamisha kichwa, akalia pale pale mbele ya wageni, mtu mzima na ndevu zake. Mwajabu ndiye aliyemsogezea mkeka, akamwambia, "Keti, kaka. Yamekwisha."

Lakini maneno ya Bi Kizenga hayakwisha. Yalitoka matangani yakaenda mjini. Siku hizi mtu akishikilia la jana akamgombeza wa leo, hatubishani naye. Tunamwambia hivi tu, naye anatafuta pa kuuficha uso: mla kiporo hamtukani mpishi wa leo.