Mtani Aliyenyamaza Msibani

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana hata viti vya plastiki vya siku hizo bado vipo, palikuwa na nyumba ya kutunzia wazee. Humo aliishi Mzee Pazi, Mzaramo, na humo alifanya kazi Nyamizi, Mnyamwezi. Makabila hayo ni watani, na mtani hana simile.

Kila asubuhi mzee aliita, "Mtani, nakufa!" Nyamizi akajibu, "Kufa upesi, tule pilau!" Wazee wakacheka, Mzee Pazi naye akacheka, ndipo akakubali kunywa uji. Bila utani huo hafungui kinywa.

Siku moja Mwasiti, mhudumu mwenzake Nyamizi, alikuwa ameunganisha zamu mbili. Wa kumpokea hakuja. Akasema, "Dada, miguu imevimba. Nikibaki nitamwangusha mtu." Akaenda zake. Nyamizi akabaki peke yake na ukumbi mzima wa wazee.

Alikuwa akimlisha Bi Tausi, ambaye usipomshika kichwa anapaliwa. Mzee Pazi akaita, "Mtani, nakufa." Nyamizi hakugeuka. "Kufa upesi, tule pilau!" Wazee wakacheka. Mzee akaita tena, sauti imeshuka, "Mtani, leo kweli." Nyamizi akajibu, "Hata jana ulisema kweli!" Wazee wakacheka zaidi. Alipomfikia na bakuli la uji, Mzee Pazi alikuwa ameshakata roho. Jamani, roho inaniuma kulisimulia hili.

Msibani, nami nikiwapo, watu walimngoja mtani afanye vituko vyake, kama ilivyo desturi. Nyamizi akakaa kimya, khanga mdomoni. Chausiku, binti wa marehemu, akauliza, "Mtani gani huyu hatanii? Baba yangu alikufaje?"

Nyamizi akasema, "Aliniita, nikamtania. Ningemwacha Bi Tausi, angepaliwa. Lakini kugeuza shingo tu, dada yangu, hata hilo sikulifanya."

Mwasiti akasema, "Mimi niliondoka. Ningekuwepo, mmoja wetu angemwendea. Ila nilikuwa nasinzia nimesimama."

Bi Namsifu, mkuu wa nyumba ile, akasema, "Niliomba wahudumu, sikuletewa. Ningefunga milango, wazee hawa wangelala wapi? Nawe Chausiku, usiniangalie hivyo. Baba yako alikuwa akikaa upande wa geti kila Jumapili, akikungoja."

Chausiku akalia sana. Kisha akainuka kupokea mikono ya pole. Akaushika mkono wa Mwasiti. Akaushika wa Bi Namsifu, kwa shida. Akafika kwa Nyamizi, yule aliyemchekesha baba yake kila asubuhi, na aliyemtania bila kugeuka siku ile ya mwisho. Mkono wa Nyamizi ulikuwa umenyooshwa.

Mimi sijui alifanya nini, maana hapo niliinamisha uso. Semeni ninyi mlionisikiliza: kati ya hao wanne, nani alistahili lawama? Na ule mkono, ungekuwa wewe, ungeushika?