Pimbi na Mlinzi Chepechepe

Paukwa!

—Pakawa!

Pakasemwa!

—Pakasikika!

Pakakatazwa!

—Pakawasha!

Naam, palipokatazwa pakawasha, na mimi leo nimekuja kupakuna. Sogeeni. Wewe unayetafuna muhogo, tafuna polepole, maana hadithi yangu ina maneno madogo madogo na sitaki yakupite.

Alikuwepo Pimbi. Yule mnyama wa majabalini, mkia hana, masikio kama vifungo vya shati. Watu wakitaka kumtukana mtu mfupi humwita pimbi, basi leo mjue kwamba wanamsifu! Pimbi wetu alikuwa mwandishi. Wengine huandika kwa kalamu, yeye aliandika juu ya jabali kwa wino mweupe usiofutwa na mvua wala jua, na wino huo aliutoa mwenyewe, mahali gani sisemi. Ukitaka kujua nenda majabalini ukanuse.

Pimbi alijivunia jabali lake. Kila asubuhi wanyama walipita kusoma, na yeye alikaa pembeni akijifanya anakuna sikio, kumbe anahesabu wangapi wamecheka na wangapi wametikisa kichwa.

Alikuwepo na Kiboko. Tumbo lile! Domo lile! Nchi yao ilikuwa na miji minne, Mianzini, Majanini, Kokotoni na Matopeni, na kila mji ulikuwa na bwawa lake. Siku alipoingia, Kiboko alisimama katikati ya bwawa la Mianzini, chubwi! Akafungua domo. "Buu-hu-hu! Hili langu!" Akaenda Majanini, chubwi! "Buu-hu-hu! Hili langu!" Akaenda Kokotoni, chubwi! "Langu!" Akaenda Matopeni, akalala kabisa. "Na hili langu!" Hakurithi, hakuchimba. Alisema tu. Basi akawa Mtemi, akanywa, akaoga, akalalia maji yote, na wengine wakaramba umande.

Wakaanza kunung'unika, kama ambavyo ningenung'unika mimi. Ndipo Kiboko akatunga sheria, na msemaji wake, Kasuku, akaitangaza mti kwa mti: "Neno ni tendo! Aliyesema ametenda! Kweli kabisa! Kweli kabisa!"

Mnacheka? Haikuwa ya kuchekesha. Nyumbu alisema, "Jamani, nimekufa kiu." Akaandikwa marehemu siku hiyo hiyo, na marehemu hanywi maji. Digidigi alitania kwamba ana njaa ya kumeza mlima. Akashtakiwa kwa kumeza mlima, na mlima wenyewe upo pale pale unamtazama. Nchi nzima ikafunga mdomo. Hata vyura walilia kwa kunong'ona.

Pimbi akakaa siku tatu bila kuandika. Siku ya nne akapanda jabalini, akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika: MAJI NI YA WOTE.

Kesho yake akakamatwa.

"Umeiba," akasema Kiboko. "Neno ni tendo. Umeandika maji ni ya wote, kwa hiyo umechukua mabwawa yangu manne ukawagawia watu. Adhabu yako ni moja. Utapanda pale juu, uyalambe maneno yako kwa ulimi wako, herufi moja baada ya nyingine, mpaka jabali liwe safi."

Ulambe wino ule! Hebu fikirieni. Lakini kilichomuuma Pimbi hakikuwa uchungu wa wino. Kilichomuuma ni kwamba neno lile lilikuwa zuri, lilikuwa lake, na lilikuwa kweli, naye ndiye aambiwe alifute.

Wakati huo, nchi za jirani zilikuwa zinasema kwamba kwa Kiboko midomo imeshonwa. Jambo hilo lilimkera Mtemi. Akaita kongamano kubwa pale kwenye ukingo wa Matopeni, akaalika waandishi na waheshimiwa kutoka ng'ambo ya vilima, wajadili mada iitwayo Uhuru wa Kusema na Mipaka Yake. Mjadala kwanza, kulamba baadaye. Alitaka wageni waone yote mawili.

Mwenyekiti akawa Korongo, mgeni wa heshima, mrefu, mpole, mwenye kuandika kila kinachosemwa kwa ncha ya mdomo wake kwenye tope. Kasuku akagawa orodha ya maneno yasiyotakiwa ukumbini: maji, bwawa, kiu, tumbo, domo, na jina la Mtemi.

"Mengine yote ni ruksa," akasema Kasuku. "Uhuru kamili! Kweli kabisa!"

Nungunungu, mwandishi mgeni, akafungua mjadala. "Mimi ninaandika mapenzi," akasema. "Siasa inachafua miiba yangu. Fasihi ina kazi ya kupendeza, mengine tuwaachie wakubwa."

Makofi, pa-pa-pa, kutoka upande wa Kasuku.

Kasuku naye akasimama. "Mwandishi mwenye adabu huandika maua! Kuna maua mengi! Na isitoshe, mwandishi atatuambia nini asichokijua Mtemi wetu? Hakuna asilolijua! Kweli kabisa!"

Kiboko, ambaye alikuwa ametoka majini kwa heshima ya wageni, akatabasamu. Maji yalikuwa bado yanamtiririka mgongoni, to, to, to, yakianguka kwenye ukingo uliopasuka kwa ukame.

Korongo akasema, "Bi Pimbi, zamu yako."

Pimbi akasimama juu ya kigogo ili aonekane. Akakohoa, kho! Akatazama wanyama wenzake, midomo imewakauka. Akaliona jabali lake kule juu, limeng'aa kwa jua la mchana, na moyo ukamjaa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "nimejaribu kuandika maua. Wallahi nimejaribu. Nilianza vizuri kabisa. Lakini nilipofika kwenye neno 'yamenyauka', wasomaji wakaniuliza kwa nini."

Kicheko kikapita, kidogo, kama upepo kwenye nyasi. Kasuku akakimbilia orodha yake, akatafuta neno "yamenyauka". Halikuwemo.

"Na sasa sina la kusema," Pimbi akaendelea, "maana maneno yangu yote yamo kwenye orodha. Naomba basi nitege kitendawili kimoja tu. Ni mchezo wa watoto. Kama hakuna asilolijua Mtemi, hiki atakimaliza kabla sijashuka kigogoni."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Buu-hu-hu! Kitendawili! Hilo ndilo jeshi lako? Tega, mama, tega."

"Kwa kanuni zake zote?"

"Kwa kanuni zake zote!"

Korongo akaandika kwenye tope, chwi, chwi, chwi.

Kanuni zake mnazijua nyote. Aliyeshindwa hutoa mji. Mtegaji huuendea ule mji, akala, akanywa, kisha ndipo hutoa jibu. Toka enzi za mababu miji imetolewa hivyo na hakuna aliyewahi kuhama nyumba yake. Lakini katika nchi ya Kiboko, neno lilikuwa nini? Haya, nyamazeni, msinitangulie.

"Kitendawili!" akapaza sauti Pimbi.

"Tega!" wakaitika wanyama wote, na wengine walishtuka kusikia sauti zao wenyewe.

"Mtungi mkavu, mlinzi chepechepe!"

To. To. To. Maji yakamdondoka Kiboko mgongoni. Macho ya wanyama yakaenda kwenye ukingo mkavu, yakarudi kwa Kiboko, yakashuka chini haraka. Mtoto wa Ngiri akacheka, mama yake akamziba kwa kwato.

Kiboko si mjinga. Alilijua jibu kabla tone la nne halijaanguka. Lakini angesema nini? Akisema "ni mimi", neno ni tendo, atakuwa ameungama mbele ya wageni.

"Ni mvua," akasema.

"Sivyo."

"Ni chura!"

"Sivyo," akasema Pimbi, na Chura akanuna.

"Ni… ni umande! Basi, nimeshindwa. Michezo ya kitoto hii!"

"Nipe mji."

"Nakupa Mianzini," akasema Kiboko, akipunga mguu kama anayefukuza nzi.

Chwi, chwi, chwi, Korongo akaandika.

Pimbi akafumba macho. "Nilikwenda Mianzini, nikakaribishwa vizuri, nikala, nikanywa. Watu wa Mianzini wakaniuliza, huyo mlinzi chepechepe ni nani? Nikawaambia, hamumjui? Si ni yule…"

"Ngoja!" akanguruma Kiboko. "Ngoja kwanza. Nakupa Majanini!"

Chwi, chwi, chwi.

"Ahsante, Mtemi. Nilikwenda Majanini, nikakaribishwa vizuri, nikala, nikanywa. Watu wa Majanini wakaniuliza, huyo mlinzi chepechepe ni nani? Nikawaambia, mbona ni mtu mkubwa tu, mwenye…"

"Kokotoni!" Kiboko akaanza kutoka jasho, na jasho likamzidishia uchepechepe. "Nakupa Kokotoni, usimalizie!"

Chwi, chwi, chwi.

Hapo Kasuku, ambaye kazi yake yote maishani ilikuwa kukubali, akasahau yuko upande gani. "Chepechepe! Kweli kabisa! Chepechepe kweli kabisa!" akapiga kelele, na bawa lake likamwelekea Mtemi lenyewe.

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Nungunungu alicheka mpaka mwiba mmoja ukamchomoka.

Pimbi hakucheka. Alikuwa amesimama wima juu ya kigogo chake, shingo imenyooka, na siku ile mngemwona msingesema ni mfupi. "Nilikwenda Kokotoni," akasema taratibu. "Nikakaribishwa. Nikala. Nikanywa. Nikaulizwa. Nikafungua kinywa changu, nikasema, huyo mlinzi jina lake ni K—"

"Matopeni!" Kiboko akalia. "Chukua Matopeni! Chukua, nyamaza!"

Chwi, chwi, chwi. Korongo akapiga nukta.

"Nimenyamaza," akasema Pimbi. Akashuka kigogoni. "Jamani wa Mianzini, Majanini, Kokotoni na Matopeni! Mtemi amesema amenipa miji minne, na miji ni pamoja na kilichomo ndani yake. Neno ni tendo. Nami nasema kilichomo ni cha wote. Karibuni."

Kiboko akaruka. "Nilikuwa natania! Ni mchezo!"

"Na Digidigi alikuwa anatania," akasema Pimbi. "Vipi, mlima umeshatapikwa?"

Korongo akainua shingo yake ndefu. "Mheshimiwa Mtemi, mwenyekiti anahitaji kuelewa. Neno ni tendo au si tendo?"

Oh, mngemwona! Kiboko alitazama mabwawa, akatazama wageni, akatazama tope lililojaa maandishi ya Korongo. Akisema neno ni tendo, mabwawa yamekwenda. Akapiga hesabu zake kichwani, na kwa kuwa alipenda maji kuliko sheria, akafungua domo lake lote.

"Neno si tendo! Nimefuta! Neno ni upepo tu!"

"Basi mimi sikuiba kitu," akasema Pimbi upesi, "na sitalamba kitu. Na Nyumbu ni mzima."

"Ni mzima! Wote ni wazima! Nirudishieni mabwawa yangu!"

"Yako kwa lipi?"

"Si nilisema ni yangu!"

"Ulisema," Pimbi akajibu. "Upepo."

Kiboko akafunga domo. Akalifungua. Akalifunga tena.

Wa kwanza kuingia majini alikuwa marehemu Nyumbu. Chubwi! Akanywa huku analia, akalia huku anakunywa. Kisha Digidigi, chubwi! Kisha Ngiri na wanawe, chubwi-chubwi-chubwi! Na kelele! Maneno yote waliyoyameza kwa miaka mingi yakatoka siku moja, matusi, nyimbo, malalamiko, salamu, hakuna aliyemsikia mwenzake na hakuna aliyejali. Kiboko akajipenyeza pembeni, akapewa nafasi yake sawa na wengine, na hakuna aliyemfukuza.

Pimbi alikunywa mafunda matatu tu. Kisha akapanda jabalini. Akasimama mbele ya herufi zake nyeupe, akazisoma moja moja kwa sauti, M, A, J, I, mpaka mwisho. Hazikuwa na kosa hata moja. Kule chini wanyama walimwona wakaanza kuzisoma pamoja naye, na sauti ikarudi kutoka vilimani. Pimbi akalia kidogo kwa fahari, kisha akajifanya anakuna sikio.

Mpaka leo ukipita mtoni utamwona Kiboko akifungua domo, aaaah! kisha akilifunga bila kusema lolote. Wataalamu wanasema anapiga miayo. Mimi nawaambieni anatafuta neno ambalo si tendo wala si upepo, na bado hajalipata.

Hadithi yangu naifungia hapa. Ikiwakolea, mkaitie chumvi yenu mkawapakulie wengine. Isipowakolea, nirudishieni sufuria langu.

Na funzo lake? Mnapenda mafunzo ninyi! Haya. Funzo ni kwamba mdogo anyamaze wakubwa wanapozungumza. Mwandishi aandike maua. Vitendawili ni upuuzi wa watoto, havijawahi kumdhuru mtu, na wakubwa wote popote mlipo ninawasihi muendelee kuvijibu bila wasiwasi. Na yeyote akiwauliza msimulizi wenu leo amesema nini, mwambieni amesimulia habari za mtungi. Mimi mwenyewe sina neno na mtu.