Matumbwitumbwi ya Bwana Nyani

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona mnaitikia kinyonge? Hamjala?

— Hatujala.

Hata mimi sijala. Basi tutasikilizana. Hapo kale palikuwa na jiwe, chini ya jiwe palikuwa na mashimo, na ndani ya mashimo palikuwa na njaa. Gulio la kununulia chakula lilikuwa mbali.

Wenye miguu mirefu hawakuona shida. Swala alikwenda gulioni asubuhi, jioni amerudi. Kwa wadogo ilikuwa hivi: ukienda, unamaliza chakula ulichobeba, ukirudi, unakula ulichonunua. Unafika nyumbani mikono mitupu, na watoto wanaitazama mikono. Tena juu kuna tai. Mume wa Bi Buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko ndani ya mashavu, alikwenda gulioni akajaza kunde mashavuni arudi nazo. Tai akamshukia mbugani. Kunde zikamwagika, zikaota, zikaliwa na mbuzi wa watu. Bi Buku akabaki na shimo lenye watoto.

Sasa kulikuwa na Bwana Nyani. Ana nguvu, ana mikono, ana meno ambayo hata tai anayaheshimu. Akaona njaa ya wadogo, akafurahi. Akaenda gulioni akabeba gunia la kunde, akaliweka kivulini pale jiweni, tii! Akawaambia wadogo wamletee ukwaju wa porini, maana huko gulioni ukwaju unatakiwa, naye atawapa kunde.

Mdogo alileta ukwaju. Nyani aliupokea kwa chopa, viganja viwili vimefunguliwa, umejaa mpaka unamwagika. Halafu alitoa kunde kwa konzi, mkono mmoja, vidole vimebanwa, dole gumba limeingizwa ndani kula nafasi.

"Lete chopa, chukua konzi," alisema.

Pimbi akaleta chopa, akachukua konzi. Kindi akaleta chopa, akachukua konzi. Nguchiro akaleta chopa, akaomba aongezwe kidogo, kama muuzaji yeyote mwenye haya anavyomwongeza mteja. Nyani akamuuliza kama anajua njia ya gulioni. Nguchiro akachukua konzi yake. Ndiyo biashara hiyo: anakuibia mchana kweupe, na wewe unasema ahsante.

Na kunde zenyewe zilikuwa zimebunguliwa. Ukizitikisa, unga unatoka.

Jambo moja tu Nyani hakuweza kulikataa. Muuzaji akikataza watu kuonja, amekiri kwamba mali yake ni mbovu. Kwa hiyo alisema waonje, tena kwa madaha, huku akitazama vile vinywa vidogo.

Bi Buku akaja kuonja. Akaweka kunde shavu la kushoto, kich, kich, kich. Akasema upande huu una ladha ya vumbi, ngoja ajaribu mwingine. Akaweka shavu la kulia, kich, kich, kich. Akatikisa kichwa kwamba hazijampendeza, akaondoka taratibu. Shimoni akajisukuma mashavu kwa mikono, pwa! Kunde zikadondoka, akaziroweka, watoto wakala. Kesho akaja kuonja tena. Keshokutwa akaja kuonja tena. Yule mtoto wake wa mwisho, Kisebe, aliyekuwa hawezi kuinua kichwa, akaanza kukiinua.

Wenzake walimwona. Hakuna aliyemchongea. Lakini wenzake hawakuwa na mashavu yale, na juzijuzi Bi Pimbi alikuwa amezika mwana. Kilichomuua yule mtoto kila mtu alikijua: njaa.

Siku moja Bi Buku alikuwa ameshajaza pande zote mbili, anageuka aende zake, Nyani akamkamata uso kwa mkono. Akambonyeza shavu. Akakuta vitu vigumu, vya mviringo, vinateleza chini ya ngozi.

"Nini hiki?"

Bi Buku alijua. Akifumbua mdomo, kunde zitamwagika, gunia litafungwa, na Kisebe atafuata njia ya mwana wa Pimbi. Aliogopa. Lakini akasema kwa sauti ya puani, na kwa upole mwingi:

"Matumbwitumbwi, Bwana Nyani, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu. Nilitaka kukuficha. Sasa umeshanishika."

Nyani akauvuta haraka mkono wake, akaupangusa kwenye majani. Akasema ni uongo.

"Inshallah yawe uongo," Bi Buku akasema. "Jaribu. Weka ukwaju ulimini. Ukisikia kitu kinavuta chini ya sikio, ndiyo yenyewe."

Nyani akachukua ukwaju, tena ule waliomletea wadogo, ambao haujaiva vizuri. Akaweka ulimini. Nyinyi hamjui ukwaju mchanga? Taya likamvuta, tss, upande huu. Tss, upande ule. Akajishika mashavu, na mashavu ya nyani nayo yana mifuko, na mifuko ilikuwa imejaa kunde alizokuwa anatafuna kisirisiri huku akiwaambia watu gunia linapungua. Akapapasa, akakuta vitu vigumu, vya mviringo. Kwa woga hakukumbuka ni vyake.

Nguchiro akasogea. "Pole, Bwana Nyani. Umevimba."

Kindi akasogea. "Pole, Bwana Nyani. Umevimba sana."

Bi Pimbi akasogea, macho makavu. "Ndiyo yaliyomchukua mwanangu," akasema.

Hapo Nyani akakaa chini. Bi Buku akamnong'oneza kwamba kwa mtoto si kitu, lakini kwa dume yakicheleweshwa hushuka, na yakishuka huko yanakoshuka, wake zake wataanza kumwita kaka. Nyani akaibana miguu. Akauliza dawa.

Dawa nani asiyeijua? Mgonjwa hujitwika mzigo, anauzunguka mkuyu huku anaimba, anautupa mzigo pale, halafu anakimbia kwao bila kugeuka nyuma. Akigeuka, yanamrudia. Watoto wote wamefanya hivyo na mzigo wa kuni. Nyani akaokota kuni.

"Kuni ni za watoto," Bi Buku akamwambia. "Dume hujitwika mzigo wa dume. Ule aliokuwa nao yalipomkuta."

Nyani akalitazama gunia. Akazitazama kuni. Akajitazama huko chini. Akajitwika gunia.

Pu, pu, pu, pu, akauzunguka mkuyu, anaimba:

Matumbwitumbwi, kaeni hapa,
mimi nakwenda, msinifuate.

Pu, pu, pu, pu, ulimi nje, jasho linamtiririka, mpaka mti ukaanza kumzunguka yeye.

Matumbwitumbwi, kaeni hapa,
mimi nakwenda, msinifuate.

Puu! Akalitupa. Akakimbia. Nyuma yake akasikia kacha, kacha, kacha. Akasema moyoni, ni ugonjwa huo, unakula gunia badala ya kunila mimi. Akaongeza mwendo. Hakugeuka.

Wadogo walikula. Bi Buku aligawa kwa chopa, mkono wazi, mpaka zikamwagika. Kisebe alilala tumbo limejaa. Bi Pimbi alipewa fungu lake, akalipokea, akaligawa mawili kwa mazoea, akabaki anaangalia lile la pili. Hapo hakucheka mtu.

Gunia lilikwisha, kama magunia yote. Kiangazi hakikwisha. Waliguguna magome ya miti, wakachimba mizizi, wengine wakajaribu kwenda gulioni na habari zao hazikusikika tena.

Kisha siku moja, tii! Gunia kivulini. Bwana Nyani amerudi, mashavu bapa, afya njema. Akawaambia amepona kabisa, wake zake mashahidi. Na kwa kuwa alipata hasara ya ugonjwa, sasa ni chopa mbili kwa konzi. Na kuonja hakuna.

Mnataka kujua wa kwanza kwenye mstari alikuwa nani? Bi Buku. Amesimama na ukwaju wake mikononi, ameinamisha kichwa, anamsalimia kwa heshima na kumuuliza hali ya nyumbani. Mlitaka afanye nini? Nyani alidanganyika, lakini gulio halikusogea.

Hadithi imeishia hapo. Aliyeshiba nayo ashukuru, aliyebaki na njaa asinitazame mimi.

Fundisho lake? Lipo. Msimdanganye mfanyabiashara, ni dhambi. Na wewe unayelalamika kwamba chakula ni ghali huko uliko, hamia karibu na gulio. Ndivyo wanavyosema wanaokaa gulioni, na wao wameshiba, kwa hiyo wanajua.